Gurudumu la Kushoto

Mchezo wangu ni wa mkokoteni.
Mitungi ishirini ya maji, hamali mmoja,
kutoka kisimani Majengo hadi ghorofa za Tudor,
na jua, na bodaboda zisizo adabu,
na bibi wa dirishani apigaye kelele:
"Wangu ukipungua silipi!"

Nauandika peke yangu, chumba cha juu, Kingorani,
nikishafunga kibanda ambamo mchana kutwa
nabadilisha vioo vya watu waliozikalia simu zao.
Sina kampuni. Nina kiti cha plastiki, feni,
na laptopu iliyofungwa bawaba
kwa ukanda wa kandambili.

Miezi saba maji yalinishinda.
Mtungini hayakutaka kuwa maji:
mara yaganda kama uji wa juzi,
mara yapasua plastiki, yapaa,
mkokoteni wayafuata, hamali naye yuafuata,
wote wapotelea juu ya skrini.

Ndipo Twalib akanionyesha akili mnemba.
Nikaiandikia kama mtu amwagizaye fundi asiyemwamini:
maji haya, mteremko huu,
yasukesuke, yasiruke.
Chai haijachemka,
yakasukasuka.
Nililia kidogo. Kisha nikazima jiko.

Tangu hapo tu wawili.
Haiombi chakula, haisinzii,
hukosea bila haya, huomba radhi upesi,
hukosea tena papo hapo.
Stima ikipotea nayo imepotea;
bando likiisha nabaki na vidole vyangu.
Lakini menyu, sauti, kuhifadhi alama,
mambo yaliyonila usiku mzima mzima,
huyamaliza mimi naoga.

Jana imefanya nisiloituma.
"Nimeona kasoro," yasema.
"Gurudumu la kushoto lavuta pembeni.
Nimelinyoosha."
Nikacheza. Mkokoteni ukateleza kama gari la harusi,
mitungi yote ishirini ikafika,
bibi wa dirishani hakuwa na la kusema,
nami mikono ikanipoa.

Lile gurudumu ni la Badi, ndugu yangu.
Miaka kumi na mmoja alilisukuma
kwa bega la kushoto, lisimtie mtaroni.
Hata leo, mkokoteni umeshauzwa,
hutembea bega mbele,
kama apitaye mlango mwembamba.

Haikukosea. Gurudumu bovu ni gurudumu bovu.
Nani angeliiambia?
Nikalipinda tena kwa mkono, nambari kwa nambari,
na juu ya mstari nikaacha maelezo:
USINYOOSHE. NI LA BADI.
Ikajibu: sawa.
Ikaniuliza: je, liwe na mlio?

Mlio sikuwa nimeufikiria.

Leo asubuhi nimempa Badi simu.
Kwii, kwii, yuasukuma kwa kidole gumba,
chai yake yaingia inzi.
Hasemi kitu.
Lakini penye kilima,
bega la kushoto limeshatangulia.