Barua ya Mabati

Niliiandika mimi, kwa mkono wangu,
kalamu ya buluu, karatasi yenye nembo ya parokia:
Wapendwa katika Bwana, hatutaipokea hundi yenu.

Sentensi ya pili ilininyima usingizi.
Kasisi Ndolo alitaka "kwa majuto."
Mama Rispa wa Umoja wa Kina Mama alitaka "kwa uthabiti."
Nikaandika yote mawili, nikayafuta yote mawili,
nikabaki na lile nililoweza kulitia sahihi:
ninyi mmebadilisha maneno ya ndoa,
nasi hatuna maneno mengine.

Mimi si mtu wa makelele.
Baba alikuwa fundi wa reli, hapa hapa Makongeni.
Alinifunza kwamba taruma likisogea kidole kimoja
garimoshi halilalamiki. Huanguka tu, mbele huko,
mbali na pale mtu aliposinzia kazini.

Jirani zetu wa hema jeupe wana spika sita,
wanauza mafuta kwa chupa na viza kwa maombi.
Vijana wetu wakirudi kutoka huko
wanasema kanuni yetu ya imani ni ndefu,
na ungamo linavunja watu moyo, tuliruke.
Lakini ningekwenda wapi Jumapili
bila ile dakika moja ya kupiga goti
ambapo hakuna anayeniuliza nimefanikiwa vipi?

Tatizo ni Bi. Hilda.
Bi. Hilda wa kanisa lile la ng'ambo,
aliyelala kwangu siku kumi na moja,
akala githeri, akaomba aongezewe,
akakaa jikoni na mke wangu aliyekuwa amefiwa na dada,
lugha hakuna, wakimenya njegere tu mpaka giza.
Kila Pasaka huleta kadi. Mke wangu ni Mshoi;
yeye humwandika Moshi. Mwaka wa tisa sasa.
Ndiye aliyeuza keki ili tupate mabati.
Hilo sikupata mahali pa kuliweka katika barua.

Mvua za masika zikatukuta vile vile:
beseni kando ya mimbari, sufuria mbili kwa waimbaji,
na tone moja kaidi juu ya kitabu changu cha sala,
kurasa za maziko zikavimba kama maandazi.
Tuliimba kwa nguvu kuyashinda matone.
Tulijiona, nisiseme uongo, wateule.

Jumapili ya Utatu akaja mheshimiwa,
katikati ya mahubiri, na walinzi wanne,
na bahasha ya kaki nene kama tofali.
Sote tulijua mtaro uliolipiwa mara mbili
ukaachwa wazi, akatumbukia mtoto wa Akelo.
Tulipiga makofi. Nami nilipiga.

Jumatano baraza likakaa.
Nikauliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya sukuma:
Ile barua yangu, niinakili?
Nibadilishe jina la mpokeaji tu?
Mtu akakohoa. Kasisi akavua miwani.
"Hiyo ni siasa, mweka hazina. Ile ilikuwa imani."
Na amri ya nane, nikasema, ni ya chama gani?

Kura ikapigwa. Mkono wangu ulikuwa peke yake,
kisha, nyuma kabisa, kama anayejikuna kichwa,
Mama Rispa.

Mabati yaligongomewa wiki iliyofuata. Yanang'aa.
Mvua ikinyesha sasa ni ngoma kavu juu yetu
na kila neno la ibada nalisikia barabara.
Beseni bado naja nalo. Naliweka pale pale.
Watoto wa shule ya Jumapili wananicheka.

Pasaka hii kadi ilifika.
Kuhusu barua, hakuna neno.
Sungura wa rangi ya maji, salamu mistari mitatu,
Kwa Moshi mpendwa.
Nimeitia ndani ya kitabu cha sala,
pale kilipovimba.