Kifungo Kimoja, Cheusi

Jumapili usiku, Llanrwst. Mvua inapiga bati la banda la jirani.
Nimeimwaga ndoo ya sarafu juu ya meza ya jikoni.
Mimi ndiye mweka hazina, kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa,
na anayechelewa huchaguliwa.

Leo tuliuzunguka uwanja wa raga.
Emrys kwa magongo mawili. Nerys kwa kiti chake cha betri
kilichozimika karibu na goli la kaskazini,
tukamsukuma sote, naye akitoa amri kama nahodha.
Iestyn, mtoto wa mchinjaji, alilipwa na wenzake anyoe nywele zote;
sasa kichwa chake ni yai la bata.
Bibi Buddug alioka mikate ya zabibu ishirini na mitatu,
minne akainunua mwenyewe, eti isione haya.

Wapita njia wakauliza: ugonjwa gani huo?
Nami kila mara nalitafuta jina lake
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Hata daktari, siku ile kule Bangor, aliliandika kwenye karatasi
akatugeuzia, kama anayetaja bei.

Saa tatu asubuhi Tudur alikuwa akipaka lango rangi.
Saa sita hakuzijua nyayo zake.
Walinzi wa damu yake walimdhania mwenye nyumba kuwa mwizi,
wakazikata nyaya za mgongo.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo tulizivua, tukazikung'uta.
Kilikuwa ndani zaidi.

Nadra, wanasema. Lulu ni nadra.
Hii ni kungoja miezi saba kumwona mtaalamu mmoja,
naye yuko Liverpool,
naye yuko likizo.

Shaba huku, fedha kule. Vidole vinanuka chuma.
Pauni elfu moja mia mbili na nne, peni kumi na saba.
Hazinunui dawa. Hazinunui darubini,
labda kifuniko cha darubini.
Zitalipa simu, miezi mitano,

ile simu iliyolia juzi saa nane za usiku,
nikaipokea nikiwa na soksi moja:
mwanamume wa Aberdeen, ametoka hospitali jana,
hajui aanzie wapi.
Sikumpa pole. Nilimwuliza: Ganzi imeishia wapi?
Kitovuni, akasema.
Nikamwambia: Ya Tudur ilipanda hadi kifuani,
ikashuka hadi magotini, ikakaa hapo.
Akanyamaza muda mrefu.
Nilisikia friji yake ikinguruma.
Kisha akauliza kama lango lilimalizwa kupakwa rangi.
Bado, nikasema. Nusu ni ya kijani.

Na sasa, katikati ya shaba, kifungo.
Cheusi, matundu manne, uzi bado umo.
Si mzaha wa mtoto. Naujua mkono uliokitoa:
uliingia mfukoni ukipapasa, usijue peni na kifungo,
ukatoa ulichopata, kwa moyo mmoja.
Mikono hiyo tunayo sita chamani.
Mmoja umelala chumba cha pili.
Kila asubuhi namfunga vifungo saba, naye anatazama dari;
kifungo ambacho hakimu hakukitajia miaka.

Nimeandika daftarini, chini ya jumla:
na kifungo kimoja, cheusi.
Kesho nitazipigia simu nyumba tano
niulize ni shati la nani liko wazi.