Nderema Huku Juu

Sekela alikileta toka Ipinda ndani ya jani la mgomba:
kipande cha shina, urefu wa kidole cha kati,
chekundu, kinene, kimejaa maji.
Mizizi hakikuwa nayo. "Kitajua chenyewe," alisema,
akakichomeka kwenye ndoo iliyotoboka
chini ya dirisha la jiko, palipo na joto la mafiga.

Huku Makete tunajua viazi, tunajua pareto
na mianzi inayodondosha ulanzi.
Mmea wa kutambaa na kukwea tunaujua mmoja, maharage,
na hata maharage hatuyabembelezi.

Mwezi wa tano mama mkwe akavunjika nyonga.
Sekela akateremka Kyela na begi moja.
Ndoo akaniachia mimi.

Mtandao unapatikana kilimani, penye jiwe la mbuzi.
"Umeipa kitu cha kushika?"
Fito tatu za mwanzi, nikasema, na kamba ya katani.
"Inajizungusha kuelekea wapi?"
Sikuwa nimetazama.
Nikashuka, nikatazama, nikapanda tena, nikihema:
Kama mkono wako unaposonga ugali.
Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke.

Wiki ya tatu majani yakapauka, shina likalainika shingoni.
"Unaimwagilia mara ngapi?"
Asubuhi na jioni, nikajibu kwa fahari.
"Jamani! Yenyewe imebeba maji mwilini,
nawe unainywesha kama ng'ombe!
Chomeka kidole. Kikitoka kikavu, mpe.
Kikitoka na udongo, mwache apumzike."
Mpe. Mwache. Nilisikia, sikuuliza.

Kisha Juni, na sakitu.
Jioni ikitakata mno, nyota zikakaribia mapaa,
ujue alfajiri nyasi zitalia chini ya buti kama chupa.
Gunia halikutosha. Nikatoa koti la sufu la marehemu baba,
alilolinunua kwa mshahara wa chai kule Mufindi,
nikazivika zile fito, nikafunga vifungo vyote vitatu.
Mbwa alilibwekea usiku kucha.
Jirani yangu Tweve akapita na kurunzi:
"Sanga, mgeni wako mbona halali ndani?"

Usiku mmoja palikuwa na msiba ng'ambo ya bonde,
palikuwa na ulanzi, palikuwa na baridi ya kurudi.
Nililala na viatu.
Koti lilikuwa limening'inia msumarini, kavu, limenitazama.
Nje, majani yalikuwa meusi,
yamelegea kama yaliyochemshwa na mtu mwenye hasira.

Siku hiyo sikupanda kilimani.
Wala ya pili.

Nilikata mpaka kwenye udongo,
nikaweka jivu, nikaweka majani makavu ya mgunga,
nikahamishia ndoo ndani, kando ya mafiga,
nikawa nachomeka kidole kila Jumapili
kama mtu anayepima homa ya mtoto wa jirani.

Agosti likatoka jicho. Jekundu, dogo kuliko punje ya ulezi.
Nilipanda kilima nikikimbia, mimi na miaka yangu hamsini na moja.
"Nilijua," alisema Sekela.
"Zile siku mbili hukupiga."

Kwao jina lake maana yake ni furahi.
Miaka tisa nimemwita uani bila kulisikia.

Alirudi Oktoba, mama mkwe akitembelea gongo.
Hakusema neno. Alizunguka zile fito mara moja,
akagusa tundu la kifungo lililobeba ute mkavu,
akachuma majani manane, akaacha yaliyo nchani.
Karanga zikatwangwa.

Sasa niseme kweli: nderema siipendi.
Inateleza. Inapita kooni kabla hujaipa ruhusa.
Nimemwambia hivyo tangu tuoane.
Alisukuma bakuli upande wangu,
nikamega tonge, nikachovya.
Iliteleza.
Nikamega jingine.