Kibati Kisicho na Taa

Wageni wakiingia chumbani kwangu, Nyalenda,
huinamia kwanza kile chenye taa nyekundu,
kinachonguruma kama kiboko aliyeota vibaya.
"Hiki ndicho kinachoimba?" Ndicho.
Huzungusha kifundo, hucheka, hupiga picha,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza
kuhusu kibati chembamba pale katikati,
matundu matatu ya kuingilia, moja la kutokea,
uso wake nilioukata kwenye kopo la rangi,
maandishi bado yanasomeka: krimu, lita nne.

Kizuri chajiuza, walisema. Hiki hakijui biashara.
Ndani mna buibui mmoja wa miguu minane,
nilimnunua Kibuye Jumapili kwa Odindo wa redio mbovu,
aliyemnyofoa tumboni mwa amplifaya ya kanisa.
Shilingi thelathini, na onyo: "Usimpe moto mwingi."

Kazi yake kujumlisha. Basi.

Wimbi la kwanza ni la huyo kiboko.
La pili latoka kwenye orutu ya marehemu baba mdogo Oyieke,
niliyoibandika kinasa sauti cha ukubwa wa sarafu.
La tatu halisikiki. Ni mwendo tu,
unapanda dakika nzima, unashuka dakika nzima,
kama magugu ya ziwani yanavyohamia Dunga usiku:
asubuhi yameziba gati,
na hakuna aliyeyaona yakitembea.

Mwanzoni niliyamwaga yote kwa ukarimu wa mjinga.
Sauti ikapasuka. Spika ikakohoa vumbi.
Ndipo nikajua kujumlisha huanza na kupunguza:
huyu arudi nusu, huyu robo, huyu anong'one.
Volti tano na volti tano si furaha maradufu;
ni watu wawili mlangoni,
kila mmoja na godoro lake.

Nikamkumbuka shangazi Dorsila,
matangani Seme, mwaka tulipomzika Oyieke.
Wajane wawili, hema mbili,
kila upande na spika zake, na jenereta yake.
Dorsila hakulia mbele za watu. Hakupewa maikrofoni.
Alipita katikati na birika na hesabu ya sahani,
akaomba upande huu ushushe kidogo,
akaupelekea ule chai kabla haujaiomba,
na kufikia saa tisa za usiku, sijui vipi,
ngoma ya huku ilikuwa imeshika mwendo wa kule.
Kwenye ratiba ya mazishi jina lake halimo.
Nilitafuta. Hata nyuma, kwenye shukrani.

Kuna na kigeuzi. Hicho nakiogopa.
Wimbi likipanda, chenyewe hushuka;
likishuka, hupanda.
Ukijumlisha wimbi na kinyume chake, sawa kwa sawa,
hupati ugomvi. Hupati kitu.
Sindano ya mita inalala kwenye sifuri
ilhali ndani nyaya mbili zinapiga kelele
kwa nguvu zao zote.

Nilikaa nao usiku mmoja, ukimya huo,
stima ipo, taa zinawaka, kila kitu kinafanya kazi.
Nyumba yetu ilikuwa na ukimya wa namna hiyo
nilipokuwa darasa la sita.
Nilidhani ni amani.

Nikagusa kifundo, unywele tu, upande mmoja.
Katika pengo hilo jembamba orutu ikachungulia,
nyembamba, yenye mafua,
kama Oyieke mwenyewe akisafisha koo kabla ya kuanza.

Jirani akagonga ukuta. "Akeyo! Nani huyo anapiga?"
Sikujua nitaje nani.
Si kiboko. Si marehemu. Si magugu.
Nikasema: "Ni kopo la rangi."
Akanyamaza. Kisha: "Basi liongeze kidogo."

Kesho narudi Kibuye. Nataka kigawanyi sasa,
sauti moja iende njia nne bila kupungukiwa.
Odindo anasema anacho.
Odindo husema hivyo kila mara.