Saa Moja na Saa Moja

Sisimizi ndio walioniambia.
Kabla ya daktari, kabla ya kipimo,
walipanga mstari toka ufa wa ukuta
hadi kwenye beseni la mchanga la Behewa,
wakaushambulia mkojo wake kama walioalikwa.
Nilifagia. Wakarudi.
Nilimwaga mafuta ya taa. Wakazunguka.

Naye, miaka kumi na mitatu,
niliyemwokota chini ya behewa la mizigo
enzi nikikata tiketi stesheni ya Tabora,
anakula, anakonda.
Usiku nausikia ulimi wake majini, lwap, lwap, hauchoki.
Miguu ya nyuma imelala, anakanyagia visigino
kama mzee aliyevaa ndala za mjukuu.

Daktari Misoji, mikono yake imezoea ng'ombe.
Alitoboa ukingo wa sikio,
tone likatoka, punje ya ulezi.
Kimashine kikawaza, kikatoa namba.
"Ni sukari."
"Paka naye?"
"Paka naye ana kongosho, mama."
Nilicheka. Kisha nikalia ndani ya bajaji
mpaka Isevya, dereva akanipa pole ya msiba.

Namba zile nazijua.
Marehemu Kapela alitembea nazo miaka tisa
akizificha kama deni la dukani.
Alijichoma mwenyewe, bafuni, mlango kaufunga.
Hakuniruhusu hata mara moja.

Basi, saa moja asubuhi, saa moja jioni.
Kwanza ale. Asipokula, simu kwanza, sindano baadaye.
Chupa haitikiswi; unaiviringisha viganjani
kana kwamba unampasha joto kifaranga aliyelowa.
Yuniti moja. Moja tu.
Nainua ngozi ya bega, naingiza.
Yeye anatafuna dagaa wasio na chumvi,
hageuki hata kunitazama.
Mimi ndiye ninayefumba macho.

Siku ya kwanza nilichoma kidole changu.
Siku ya tatu nililowanisha manyoya, dawa ikapotea.
"Niongeze, daktari?"
"Usiongeze. Subiri jioni."
Nikasubiri. Miaka thelathini ya treni zinazochelewa
ilinifunza angalau hilo.

Umeme ukikatika naisokomeza chupa ndani ya kikombe,
kikombe nakiegesha ndani ya mtungi, maji yasikifikie shingo.
Mtungi ni ule ule wa Kapela.
Ulikuwa umekaa bure miaka sita, ukifuga buibui.

Bi Nyamizi alichungulia juu ya ukuta:
"Sindano kwa paka, na watu wanazikosa?"
Nikamtajia bei. Nilikosea kumtajia bei.
Sina jibu, Nyamizi. Nina pensheni ndogo
na asubuhi ndefu.

Asali nilitaka kuigawa yote,
dumu zima la shemeji kutoka Sikonge,
utamu usilale tena chini ya paa hili.
Daktari akakataa. "Iweke karibu.
Akiyumba, akilegea, mpake ufizini, umlete mbio."
Usiku wa Jumanne akayumba.
Alitaka kurukia kiti, akakikosa,
akakaa sakafuni akitazama ukuta kama mgeni.
Nilichovya kidole. Kilitetemeka kuliko yeye.
Fizi baridi, meno mawili yaliyosalia,
asali nyeusi ya miombo.
Nikamwimbia majina ya stesheni, Malongwe, Goweko, Igalula,
kwa sauti ile ya kipaza sauti,
mpaka akanilamba.
Daktari alifungua mlango akiwa na kanga kiunoni.
Akapunguza. Sasa ni nusu yuniti.

Wengine hupona, anasema, wakawahiwa.
Wengine. Sijamwuliza ni wangapi.

Leo asubuhi sisimizi ni saba.
Jana kumi na mmoja.
Sifagii tena. Nachuchumaa na miwani yangu,
nahesabu, naandika nyuma ya kalenda,
na Behewa, mkia juu, ananipita
kwenda kusimama mbele ya sahani
dakika tano kabla ya saa moja.