Masikio ya Vikombe

Kazi yangu ni kubandika masikio.
Vikombe mia nne kwa zamu, hapa Burslem:
nachovya ncha mbili katika uji wa udongo,
nabana, nahesabu hadi tatu, naachia.
Kikombe kimepata sikio. Kiende tanuruni.

Tangu Januari tanuru huzimwa Alhamisi na Ijumaa.
Gesi imepanda, alisema Bwana Heath, akitazama viatu vyake.
Pauni mia tano na themanini kwa wiki
zikawa mia nne na arobaini.
Sikulalamika. Nilianza kununua mkate wa jana.

Lakini barua ya Idara haikujua habari za gesi.
Ilinitazama kwa macho ya mwaka uliopita,
mwaka wa zamu za usiku na bahasha ya Krismasi,
ikaandika: Neville Tunnicliffe, matunzo ya mtoto Tilda,
pauni sitini kasoro, kila wiki.
Huyo wanayemdai namjua. Alikuwa na koti zuri.
Amehama, wala hakuacha anwani.

Siku thelathini za kupinga.
Nikapiga simu. Kinanda kikanipigia dakika arobaini na sita,
kisha kijana mmoja, mpole,
kama anayembandua mtoto plasta:
Mapato yashuke robo nzima, bwana, ndipo tuyatazame.
Robo yako ni mia moja arobaini na tano.
Wewe umeshuka mia moja arobaini.

Pauni tano.
Nimepungukiwa pauni tano za umaskini.

Mfinyanzi hulia gaeni. Sawa, nimekubali.
Lakini nani aliamua gae nalo lipimwe kwa rula?
Miaka kumi na tisa nabandika masikio
na sikujua kwamba sikio lina bei ya kiingilio.

Wiki iliyofuata Bwana Heath akaja tena na viatu vyake.
Neville, na Jumatano mchana pia.
Alitarajia nitukane.
Nikamshika mkono, nikautikisa,
udongo ukakauka katikati ya viganja vyetu.
Mia tatu tisini na sita!
Nimefaulu. Nimefukarika kwa kiwango kinachotakiwa.

Usiku huo nikaandika: Naomba kadirio lipitiwe upya.
Nimeambatanisha hati tatu za mshahara.
Nikaandika kwa heshima, nikafuta, nikarudisha.

Sikuandika kwamba Gaynor naye
hupokea bahasha ileile ya kaki, kule Longton,
na kila ninachopunguziwa mimi
kinapunguzwa mezani kwake.
Jibu lilipotoka, arobaini na moja kasoro,
hakupiga kelele. Jumamosi, mlangoni,
alikunja mikono ya sweta mara mbili.
Kumi na tisa, Nev. Hizo ndizo kuogelea.
Nikatazama kengele ya mlango.
Halafu, kwa sauti ya zamani:
Na wewe, unakula?
Nikajibu swali ambalo halikuulizwa:
nikasema mvua itanyesha.

Tilda akatoka, taulo kwapani, kamba za viatu wazi.
Mfukoni nilikuwa na kikombe kilichokataliwa na wakaguzi,
sikio limeinama kidogo, kazi ya mkono wangu,
siku ile niliyokuwa nikihesabu robo badala ya tatu.
Akakigeuza, akakipima kwenye shavu lake.
Hiki kinasikiliza upande, akasema.
Akakinong'oneza kitu ndani.

Sikuuliza ni nini.
Basi lilikuwa la saa nne na robo,
na kuogelea kumeshalipiwa mpaka Pasaka.