Kinachong'aa Nyuma

Laki moja na kumi, Buguruni, Jumapili,
baada ya kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili.
Ya Kijapani, kikapu mbele, fremu imeinama
ili mwenye sketi apande bila kumwonyesha mtu kitu.
Kwenye madigadi kuna kibandiko cha maandishi nisiyoyajua.
Muuzaji aliapa ni jina la shule.
Inawezekana ni faini.

Vingine nilivinunua kidogo kidogo,
kama mtu anayelipa deni la duka:
kengele ya elfu mbili, inayosema kri, kring imeishinda;
kufuli ya namba nne, hufunguka hata ukikosea ya mwisho
(zile tatu za mwanzo siwaambii);
pampu ya mkono inayonitoa jasho kuliko safari;
na rambo la zamani, lililonusurika marufuku,
la kuvika siti mvua ikinyesha.
Taa ni elfu nne. Ina hali tatu:
kuwaka, kumetameta, na kukata tamaa.

Natoka Kiwalani saa kumi na moja na nusu.
Mashati ya watu wa Upanga yananingoja, na pasi haijui foleni.
Barabara ya Nyerere ina njia ya kila mtu ila mimi.
Naendesha pale lami inapoishia
kama kitambaa kilichokatwa kisipindwe.
Kijana wa bodaboda aliniuliza
natia mafuta ya shilingi ngapi kwa siku.
Chai ya rangi, nikamwambia,
na vitumbua viwili.

Keko kuna fundi Mkude.
Huzamisha tyubu kwenye beseni, akatafuta vipovu,
akanionyesha: "Ona, bado inapumua."
Kiraka mia tano. Amehesabu vimefika saba.
"Dada Semeni, hii siyo tena tyubu yenye viraka,
hivi ni viraka vyenye tyubu."

Refleta anauza elfu tatu.
Siku ile sikuwa nayo.
Nikafungua droo nyumbani, nikatoa sidii
ya harusi ya dada yangu Sikudhani:
ukumbi Temeke, keki ya ngazi tano, matarumbeta,
shemeji ndani ya suti ya kuazima na tabasamu la kuazima.
Ndoa ilikaa miezi kumi na minne.
Deki ya kuichezea ilikufa kabla yake.
Tundu tayari lipo katikati;
nikapitisha waya, nikaifunga chini ya keria.

Juzi usiku umeme ulikatika kuanzia Tazara,
na taa yangu ikachagua hali yake ya tatu.
Nyuma nikasikia lori la kontena,
limetoka bandarini na haraka ya kufika Zambia.
Kivuli changu kikarefuka mbele yangu, chembamba, kikakimbia.
Sikuona alichokiona dereva.
Nilisikia breki zikikohoa,
kisha lori zima likahama njia, polepole,
likanipisha
kama watu wanavyompisha bibi harusi.

Nilipomsimulia, Sikudhani alikuwa anachambua mchicha.
Alinyamaza mpaka fungu likaisha.
"Ile harusi ilikula laki nane za mama," akasema.
"Nilidhani haikufaa kitu."
Akanawa mikono. Akaingia ndani.
Nikasikia sanduku likiburutwa kutoka mvunguni.
Akarudi na nyingine, ya sendofu,
bado imo kwenye karatasi yake, ina ua limechorwa.
Miaka yote hiyo sikujua kama aliiweka.
"Hii funga mbele. Wanaokuja nao wana macho."

Leo asubuhi nimepita Chang'ombe,
sendofu mbele, harusi nyuma,
mimi katikati, breki ya kushoto inalia peke yake.
Ijumaa nikilipwa nitanunua betri za taa.
Au tyubu.
Fundi Mkude anasema tyubu.